Kipenga Kilikuwa Changu

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Leo nimeumizwa. Si mwili, mwili mzima. Nimeumizwa heshima.

Kila mtu hapa Nkwenda anajua refa ni nani. Ni mimi, Desderius, fundi baiskeli, niliyeishi Kampala na kuona kwa macho haya uwanja ambao majani yake hukatwa kwa mashine. Ligi ya Misheni, ya timu za vigango vya Kikatoliki kutoka Isingiro mpaka Kiruruma, nimeichezesha tangu watu hawajajua kona ni nini. Kipenga changu ni vidole viwili mdomoni. Havipotei na havipati kutu.

Basi leo kaja mtu. Egbert. Karani mpya wa wanunuzi wa kahawa, Mlutheri, kijana wa Bukoba. Kaptula nyeusi, imepigwa pasi mpaka ukiigusa unaweza kujikata. Soksi hadi magotini. Saa ya mkononi. Na shingoni, kwenye kamba nyeupe, kipenga cha chuma chenye punje ndani!

Kumbe ameshaanza kuchezesha Ligi ya Migodi, ya wachimba bati wa Kyerwa. Wanamsifu sana. Nikasema watu wa migodini husifu chochote kisichowaangukia kichwani. Kijiwe kizima kikacheka. Nikadhani nimeshinda.

Halafu akakipuliza. Prrrriii! Mbuzi wakasimama. Mke wangu Kokushubira akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza ni nani huyo anayepiga vizuri hivyo. Mimi nimepiga vidole miaka yote ya ndoa yetu na hata mlangoni hajachungulia.

Huu si wivu. Ni uchungu wa kazi.

Jumanne, 3 Agosti

Habari kubwa! Kwa mara ya kwanza bingwa wa Misheni atacheza na bingwa wa Migodi. Kombe la Kahawa. Ni Isingiro na Migodini, hapa hapa Nkwenda, Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Jumapili wamekataa Walutheri.

Swali la mji mzima: nani refa? Mwalimu Novatus, mwenyekiti wa kamati, anasema atateuliwa yule anayejua sheria za pande zote mbili. Maana hapo ndipo penye kazi. Mpira ni mmoja ila ligi hizi mbili ni kama nchi mbili.

Migodini, golikipa akidaka, unaruhusiwa kumpiga bega mpaka aingie golini yeye na mpira wake. Goli halali. Misheni golikipa haguswi, ni kama padri akiwa altareni. Misheni, kwa kuwa viwanja vyetu viko katikati ya mashamba, mpira ukigonga mgomba ukarudi ndani, unaendelea kucheza. Migodini ukigusa hata jani ni wa kurusha. Na Misheni kengele ya Malaika wa Bwana ikilia jioni, kila mchezaji anasimama alipo, anainamisha kichwa, anasali, na mpira unabaki umekufa mpaka sala iishe. Migodini hawasimami hata ardhi ikitetemeka.

Nani anayajua yote hayo? Mimi. Nani amefika Kampala? Mimi. Nimemwambia Kokushubira aanze kufua shati langu jeupe.

Akauliza kama Egbert naye atakuwepo. Swali gani hilo?

Alhamisi, 5 Agosti

Kamati ilituita mimi na Egbert darasani kwa Mwalimu Novatus. Madawati yale yale niliyoyaacha nikiwa darasa la tatu, mimi na mwalimu wa wakati huo tulipokosa kuelewana. Magoti hayaingii chini tena.

Wakaniuliza kwanza. Golikipa akipigwa bega nitafanyaje? Nikajibu kitaalamu kwamba inategemea golikipa ana uzito gani. Kamati ikatazamana. Mpira ukigonga mgomba? Nikajibu inategemea ni mgomba wa nani, kwa sababu kuna watu wa hapa ukigusa mgomba wao ni kesi ya baraza. Wakacheka mpaka mjumbe mmoja akafuta machozi. Nikajua nimepita.

Ikawa zamu ya Egbert. Akasimama. Nani amemwambia asimame? Akasema, kwa sauti ya upole ya kuudhi, kwamba si haki kuwahukumu watu kwa sheria wasiyoizoea. Basi kipindi cha kwanza tucheze kwa sheria za Migodi, na cha pili kwa sheria za Misheni. Kila upande upate nusu yake, na yote yaelezwe kabla ya kuanza.

Wakapiga makofi! Wazo hilo hilo nilikuwa nalo mimi, ila lilikuwa bado halijafika mdomoni.

Refa: Egbert. Mimi, kwa heshima ya utumishi wangu wa muda mrefu, nimepewa kushika kibendera.

Kibendera.

Ijumaa, 6 Agosti

Sikulala vizuri. Kibendera chenyewe nimekiona. Ni kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye gauni kuukuu, kimefungwa kwenye fimbo. Nilikaa Kampala ili nije kupunga gauni la mtu pembeni ya uwanja!

Kokushubira ananifariji. Anasema, Baba Anatolia, angalau utakuwa karibu na watu, mtu akitaka kukusalimia hapati taabu. Kisha akasema Egbert ana miguu ya refa. Miguu ya refa ikoje? Nikajitazama yangu. Ni miguu ya kuendesha baiskeli, imepinda kidogo kufuata chombo. Kwa fundi ni sifa.

Nimeapa. Siku ya tarehe kumi na nne kipenga kitakuwa mdomoni mwangu kabla jua halijazama. Namna gani, bado natafuta.

Jumatatu, 9 Agosti

Mungu anipenda! Egbert ameniletea baiskeli yake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe ya refa. Gurudumu linayumba, breki zimeisha. Anakaa kwenye ghala la kahawa njia ya Isingiro, mwendo wa kutosha kumchelewesha mtu. Nikaona mpango wote umejipanga mbele yangu kama vyombo sokoni. Nalegeza pini ya pedali. Jumamosi pedali inachomoka porini. Karani anasukuma baiskeli mlimani na soksi zake. Kamati inatazama huku na huku, inalia: Desderius, tuokoe!

Nikalegeza pini. Nikaitazama. Ilikuwa mbaya machoni, kama jino linalotikisika. Nikaikaza. Nikailegeza. Na huku yeye anaongea. Anasema mama yake ni mgonjwa Muleba na baiskeli hii ndiyo humpeleka kumwona. Sasa mtu ana mama mgonjwa, utamlegezea pini?

Nikaikaza kwa nguvu zote. Nikanyoosha gurudumu. Nikatia mafuta mnyororo. Nikamfungia raba za breki nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya baiskeli yangu mimi. Sasa inakwenda kama inateremka hata kwenye mlima. Mkono wangu haujui kufanya kazi mbaya, na hiyo ndiyo balaa yangu.

Halafu akaniomba kwa heshima, kaka Desderius, nieleweshe sheria za Misheni, wewe ndiye bingwa. Bingwa! Nikamweleza. Nikamchorea uwanja mchangani, nikamwonyesha migomba, nikamwigizia golikipa, nikamwigizia padri. Nilipokuja kuzinduka nilikuwa nimemfundisha kila kitu.

Ila kengele. Hiyo niliibana kwapani. Hajui. Mlutheri atajuaje?

Alipomaliza kunishukuru akaenda mlangoni pa jikoni kumsalimia Kokushubira. Akapewa ndizi za kuchoma. Wakaongea. Wakacheka. Nilikuwa nimeshika spana sikusikia walichocheka. Ndizi zile zilikuwa zangu.

Jumanne, 10 Agosti

Nimeupata! Akili hii ingesoma hadi darasa la sita, sijui nchi hii ingekuwa wapi.

Kipindi cha pili ni sheria za Misheni. Kengele ikilia, Isingiro watasimama kusali. Migodini hawatasimama. Egbert hajui, ataacha mchezo uendelee. Migodini watafunga goli watu wakiwa wameinamisha vichwa mbele ya Mungu! Uwanja utachafuka. Karani atatolewa. Na pembeni pale atakuwa amesimama mtu mmoja mtulivu, mwenye shati jeupe.

Tatizo ni moja: mchezo unaanza saa kumi, na kengele ya kigango hulia jua likizama, watu wameshakwenda nyumbani. Lakini kengele yenyewe ni rimu la lori limetundikwa kilimani juu ya uwanja, na anayeligonga ni mzee Aristides, ambaye hana saa. Hutazama jua.

Nikamwendea na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikamwamkia shikamoo ndefu. Kumbe alikuwa anasononeka kwamba atakosa fainali kwa hofu ya kupitiwa na saa ya sala, maana akitazama mpira hatazami jua. Nikamwambia mzee wangu, tazama mpira wako kwa raha. Refa ana saa ya mkononi, nami nitakuwa karibu naye. Saa ikifika nitainua kibendera juu kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni mambo ya mpira, usijali. Mikono miwili, gonga.

Alinishika mikono, akasema tangu akiwa kijana hakuna mtu aliyemfikiria hivyo. Waitu, nikajisikia vibaya kidogo. Lubisi likanisaidia.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika haraka. Mlango nimeufunga.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Wachimba bati walikuja na lori, wanaimba, vumbi la machimbo bado masikioni. Egbert akafika mapema kabisa, baiskeli haitoi hata mlio. Watu wakauliza ni nani aliyeitengeneza vizuri hivyo. Nikajishughulisha na kibendera changu.

Akawaita makapteni, akaeleza sheria za kila kipindi. Kwa Kiswahili kwanza. Halafu kwa Kinyambo chenye lafudhi ya Kihaya, na watu wakampenda zaidi kwa kukosea.

Kipindi cha kwanza. Mshambuliaji wa Migodini, jitu lenye mabega kama mlango wa ghala, akamkuta golikipa wetu amekumbatia mpira. Bega! Golikipa, mpira na jitu lenyewe, wote ndani. Akina mama wa Isingiro wakapiga kelele. Mmoja akauliza polisi wako wapi. Egbert akaonyesha kati kwa mkono ulionyooka. Nikangoja fujo. Fujo haikuja! Wazee wa Isingiro wakaambiana kwamba walielezwa, na nusu hii ni ya wenzao. Watu hawa wamekuwa wastaarabu lini?

Kipindi cha pili, sheria zetu. Gosbert, winga wa Isingiro, ambaye ni ndugu wa mke wangu, akapiga shuti likaenda nje, likagonga mgomba, likarudi mguuni kwake kama limeitwa. Akapiga tena. Goli! Sasa ni moja kwa moja. Wachimba bati wakapiga kelele kwamba aliyefunga ni mgomba.

"Huo mgomba nao mmeuandikisha?" mmoja akawa anauliza. "Una jezi namba ngapi?"

Egbert akatabasamu, akaonyesha kati tena. Nao wakakubali! Nikaona wazi kwamba nisipofanya kitu, mtu huyu atatoka hapa amebebwa mabegani.

Nikangoja. Migodini wakashambulia, wote, goli letu liko wazi upande wa kushoto. Sasa! Nikainua kibendera kwa mikono miwili. Nikatazama kilimani. Mzee Aristides amegeuka kununua karanga! Nikazidi kukinyoosha. Nikasimama kwa vidole vya miguu. Anachagua karanga! Nani anachagua karanga?

Huku nyuma beki wetu akauokoa mpira, akaupiga mbali. Gosbert akapita mbele yangu kama upepo. Sikuwa na nafasi ya kumtazama, macho yangu yalikuwa kwenye karanga. Hatimaye mzee akageuka. Akaniona. Akatupa karanga zote, akakimbilia rimu.

Ng'aa! Ng'aa! Ng'aa!

Na hapa niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliinamisha kichwa. Nikafumba macho. Nimefanya hivyo tangu utoto, kengele ikilia shingo yangu hainiombi ruhusa. Mpango wote niliutunga mimi, kila kipande, nikasahau jambo moja tu: kwamba mimi pia ni Mkatoliki.

Nikasali mpaka mwisho. Mikono miwili juu, gauni jekundu linapepea.

Nilipofumbua macho, uwanja mzima ulikuwa kimya. Egbert amesimama katikati, amenyoosha mkono kuwazuia wachimba bati, nao wametulia, wengine wamevua kofia. Alikuwa amepuliza kipenga kengele ilipoanza tu! Alijua! Na mpira ulikuwa ndani ya nyavu za Migodini. Gosbert ameufunga.

Sala ilipoisha Egbert akaja kwangu, polepole, kwa adabu. Akasema goli limeingia kabla ya kengele, hilo ameliona mwenyewe. Lakini kaka Desderius, akasema, niliona kibendera chako kimeshainuka kabla ya shuti, tena kwa mikono yote miwili. Umeona nini?

Mama wee! Nyuma yake Mwalimu Novatus. Pembeni yake katekista, rozari bado mkononi. Kokushubira amefunga mikono kifuani. Niseme nilikuwa namwashiria mzee aibe saa ya sala?

Nikasema: ameotea.

Gosbert akapiga magoti. Akaniuliza ameotea wapi.

"Shemeji, mabeki wawili walikuwa mbele yangu! Nilikuwa nyuma hata yako wewe!"

Lakini kibendera ni kibendera. Egbert akalikataa goli. Ikabaki moja kwa moja hadi mwisho. Wanarudiana Jumamosi ijayo.

Isingiro wakaniita kipofu. Wakaniita mchimba bati. Mama mmoja, jirani yetu kabisa, akasema mtu kama mimi hata kuku wake mwenyewe hawezi kuwahesabu. Nikarudi nyumbani kwa kupitia migombani.

Kokushubira alimpakulia Gosbert kwanza. Mimi nikapata ukoko. Halafu akaniambia bila kunitazama kwamba ni yeye aliyemweleza Egbert habari ya kengele, siku ile ya baiskeli. Egbert alimuuliza kama kuna lolote nililosahau. Naye akamjibu kuwa Baba Anatolia hasahau kitu, ila ana mambo mengi kichwani.

Ndicho walichokuwa wanacheka!

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa, na kanisani nilikaa nyuma ya nguzo. Nguzo ni nyembamba.

Baada ya misa nikasikia wanasema mzee Aristides atanyang'anywa kengele, kwa kuwa ameigonga jua likiwa bado juu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kijiwe cha nje, kofia magotini. Aliponiona hakunilaumu. Akasema labda macho yake ndiyo yameanza kuchoka, labda haikuwa mikono miwili.

Moyo ukaniuma kweli. Mimi ni mtu wa hila, lakini si mtu wa kumponza mzee. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Novatus nimwambie yote. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikafungua mdomo.

Mwalimu akanikumbatia! Akasema tangu jana hajapata usingizi kwa kunifikiria. Mtu amkatalie goli ndugu wa mkewe, timu ya kwao, mbele ya wakwe zake, kwa ajili ya haki? Akasema wachimba bati jana walirudi Kyerwa wanaimba jina langu. Akasema Nkwenda haijawahi kuwa na mtu wa namna hii.

Maneno yangu yakarudi tumboni. Yalikuwa mengi, nikaacha machache yatoke. Nikasema mzee Aristides asionewe, kwa sababu kutoka kule juu aliona kibendera cha kuotea akadhani ni ishara ya saa, na kosa ni langu kukiinua kwa bidii mno. Mwalimu akasema na hilo nalo ni unyenyekevu. Kengele imebaki kwa mzee.

Nikampelekea karanga. Akasema nina moyo. Kwa hilo hakukosea.

Jumatano, 18 Agosti

Sikilizeni! Nani anasikiliza? Hakuna, lakini sikilizeni!

Egbert amekwenda mwenyewe kwenye kamati. Amesema mchezo wa marudiano unahitaji refa ambaye hakuna upande unaoweza kumshuku, na mtu huyo ni Desderius. Yeye atashika kibendera. Kamati imekubali bila mtu kupinga. Hata Isingiro wamekubali, ingawa Gosbert ametaka nipimwe macho.

Jioni akaja nyumbani kunipa kipenga. Akakivua shingoni, akakifuta kwa kitambaa, akanivalisha. Akasema nimemfundisha maana ya urefa. Mtu huyu ana tabia nzuri mpaka inachosha.

Nimepuliza. Prrrriii! Mbuzi hawakusimama. Nadhani wamezoea.

Kokushubira amefua shati.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimechezesha fainali. Mimi. Kipenga mdomoni, katikati ya uwanja, kama nilivyoapa, tarehe tu ndiyo imesogea.

Nilichezesha vizuri, sijisifu. Nusu ya Migodi nikahukumu kimigodi, nusu ya Misheni nikahukumu kimisheni. Nilichanganya kidogo katikati, mpira ukagonga mgomba nikautoa wa kurusha, na nusu ya Migodi ilikuwa imeshapita, lakini nikapuliza kwa nguvu mpaka wakasahau. Isingiro mbili, Migodini moja. Gosbert amefunga yote mawili na amenisamehe. Wachimba bati wameshika mikono ya kila mtu. Hakuna aliyeumia. Kombe limekwenda Isingiro kwa nyimbo.

Ila.

Hakuna mtu aliyenitazama! Wote walikuwa wanatazama pembeni. Yule Egbert, na kile kitambaa cha gauni! Anakimbia mstarini, magoti juu, soksi nyeupe leo, kibendera kimebanwa mkononi kama upanga. Akikiinua, kinapasua hewa. Pwaa! Kinamama wakapiga vigelegele. Kwa kuotea! Nimekaa Kampala sijawahi kuona kuotea kukipigiwa vigelegele. Mimi niko katikati nameza vumbi, nasukumwa na mabega ya migodini, jasho linaingia machoni, na punje ya kipenga imekwama kwa mate. Yeye yuko pembeni, kivulini, anasalimiwa na watu. Alikuwa karibu na watu mpaka akapewa juisi ya ndizi mchezo ukiendelea!

Na mzee Aristides kule kilimani alikuwa anampungia.

Njiani nikamuuliza Kokushubira ameonaje mchezo. Akafikiri. Akasema hakujua kama kibendera kinaweza kupendeza hivyo.

Jumapili, 22 Agosti

Nimepima mambo kwa utulivu. Mtu mzima lazima ajifunze kutokana na yaliyompata, na mimi nimejifunza: refa si cheo. Refa ni kibarua wa vumbi. Cheo ni pembeni. Kibendera kile kilikuwa changu, nilikabidhiwa na kamati kwa heshima ya utumishi wangu, na karani amekichukua kwa werevu, akajifanya ananipa kipenga. Walahi, alinichezea!

Huu si wivu. Ni kudai kilicho changu.

Mwezi ujao kuna mchezo wa kirafiki na timu ya kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambako nasikia wana sheria zao za tatu. Mwalimu Novatus ameshanitaja kuwa refa. Nimemshukuru sana. Kisha nikaanza mpango. Refa akiumia mguu hawezi kukimbia katikati, lakini kusimama pembeni anaweza. Kwa hiyo nimeumia mguu. Nimeanza kuchechemea tangu alfajiri ili watu wazoee mapema. Kwenda kanisani nimechechemea. Kurudi nimechechemea. Mwalimu amenipa pole. Egbert ameniletea dawa ya kuchua, na nimeipokea kwa uso wa maumivu makubwa.

Mambo yanakwenda vizuri kabisa. Kokushubira tu ndiye ameleta uchokozi. Anauliza, Baba Anatolia, huo mguu wa kushoto umeanza lini, maana asubuhi ulikuwa unachechemea wa kulia.